Mimi mwembamba, dada mnene: mbona mafuta yamekutwa kwenye damu yangu?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa na karatasi mbili mezani, yangu na ya dada yangu. Tulipima damu asubuhi moja, hatujala kitu tangu usiku. Wazo lilikuwa langu. Dada ana miaka 41 na kilo 96, mimi nina miaka 34 na kilo 52, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimsema. Nikimkuta anakula namhesabia vijiko. Nilitaka apime ili namba zenyewe zimtishe, maana maneno yangu yalikuwa hayamwingii.

Majibu yake yalitoka hivi: kolesteroli yote 184, LDL 106, HDL 54, trigliseridi 120, zote kwa miligramu katika desilita. Aliyetuhudumia akamwambia hana tatizo. Kisha akachukua karatasi yangu, akaisoma mara mbili, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. Kolesteroli yote 301, LDL 224, HDL 55, trigliseridi 110. Akasema, "Una mafuta mengi kwenye damu, kamwone daktari." Nikamuuliza mafuta yepi, mbona mifupa yangu inaonekana? Hakuwa na nafasi ya kunijibu, foleni ilikuwa ndefu.

Mama yetu anashikilia kwamba vichupa vimechanganywa, kwa sababu haiwezekani mnene awe na damu safi na mwembamba awe na mafuta. Dada hakusema kitu. Njia nzima hakunisemesha, na sikumlaumu.

Tangu siku ile nimeacha mafuta kabisa na nakula mlo mmoja tu kwa siku. Nimeshuka kilo mbili, na nikisimama naona kizunguzungu. Dada naye bado anadunduliza pesa akanyonywe mafuta ya mapaja na makalio. Anasema hata kama damu yake ni safi leo, yale ya mapajani ipo siku yatavujia kwenye damu.

Naomba unieleweshe: mafuta ya mwilini na mafuta ya kwenye damu ni kitu kimoja? Na kama ni kimoja, yangu yanatoka wapi?

Labda niongeze na hili. Baba yetu alianguka ghafla akafariki akiwa na miaka 44, tukaambiwa ni moyo. Alikuwa mwembamba kama mimi. Baba mdogo ana vijivimbe vya manjano kwenye kope. Mimi nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6.

Mwembamba mwenye hofu

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, leo hii rudi kwenye milo yako ya kawaida. Hicho kizunguzungu ni mwili unakulalamikia, na kujinyima huko hakutaondoa tatizo lililo kwenye karatasi yako. Sababu yake utaiona huko mbele. Na nikwambie pia kwamba yale maneno ya mwisho, uliyoyaweka kama nyongeza tu, kuhusu baba na baba mdogo, ndiyo yaliyonifanya niweke barua nyingine kando nikujibu wewe kwanza.

Mkanganyiko wenu umeanzia kwenye neno. Neno mafuta tumelitwisha mzigo mkubwa mno. Ya kupikia ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya gari ni mafuta. Kilicho kiunoni mwa mtu ni mafuta, na kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara nacho ni mafuta. Mtu akiambiwa ana mafuta kwenye damu, lazima atajipapasa tumbo. Basi tuyatenganishe. Yale ya mwilini, yaliyo chini ya ngozi na yanayozunguka matumbo, nitayaita kwa jina lake la zamani: shahamu. Na ukoo mzima wa vitu vya mwilini vyenye asili ya mafuta, visivyopatana na maji, nitauita lipidi.

Ukoo huo ni mkubwa. Yumo trigliseridi, ambaye ndiye akiba ya nguvu. Zimo fosfolipidi, zinazojenga utando wa kila seli uliyo nayo. Yumo kolesteroli, ambaye wengine humwita lehemu. Mwili unamtumia kuimarisha utando huo huo wa seli, kutengeneza homoni kama estrojeni na testosteroni, na kutengeneza asidi za nyongo. Hakuna hata mmoja wa hao ambaye ungeweza kuishi bila yeye. Sasa itazame tena karatasi yako. Trigliseridi yako ni 110, na inayohesabiwa kuwa ya kawaida ni chini ya 150. Hapo huna tatizo lolote. Iliyopanda ni kolesteroli, tena ile inayosafiri kwenye damu ndani ya vifurushi viitwavyo LDL. Nitaifikia, lakini kwanza nikuoneshe seli ya mafuta, kwa sababu dada yako naye anasubiri jibu.

Nimefanya kazi maabara miaka mingi, na kipande cha shahamu chini ya hadubini ni kitu ambacho sikuwahi kuchoka kukitazama. Mtu asiyeambiwa atadhani ni wavu mtupu: viduara vyeupe vimebanana, kila kimoja kina ukingo mwembamba kama uzi. Weupe ule ni pengo. Dawa zinazotumika kuandaa kipande huyeyusha mafuta yote yakatoka, kikabaki chumba kitupu. Pembeni ya kila duara kuna kidoa cheusi kimebanwa ukingoni, kama kito kwenye pete. Hicho ni kiini cha seli, kimesukumwa hadi ukutani na tone moja kubwa la mafuta lililokuwa limejaza nyumba nzima. Na tone lile karibu lote lilikuwa trigliseridi, yaani gliseroli moja iliyoshikana na asidi za mafuta tatu.

Huo ndio uhusiano wenyewe, mwanangu. Seli ni mtungi, lipidi ndiyo iliyomo ndani. Seli yenyewe ni kitu hai, ina kiini, ina kazi, inapokea amri na kutoa amri. Lipidi si hai. Ni mzigo uliohifadhiwa. Mwili umechagua kuweka akiba yake kwa njia hiyo kwa sababu inafaa: gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9 hivi, wakati gramu moja ya wanga au ya protini hubeba kama 4. Mtu mwenye kilo 15 za shahamu anatembea na akiba inayozidi kilokalori 100,000. Na wewe unayo. Wembamba wako haumaanishi kwamba huna mitungi. Ipo, ila ndani yake hakuna kingi.

Sasa tuone mzigo unavyofika ghalani. Mafuta ya kwenye chakula hukatwakatwa utumboni kwa msaada wa nyongo ya ini na vimeng'enya vya kongosho. Kuta za utumbo huyanyonya, kisha huyaunganisha tena kuwa trigliseridi. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu damu sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayaogelei kwenye maji, yanajitenga. Kwa hiyo utumbo huyafunga kwenye vifurushi vidogo sana: ndani trigliseridi na kolesteroli kidogo, nje ganda la fosfolipidi na protini linalokubaliana na maji. Vifurushi hivyo huitwa kailomikroni. Hupita kwanza kwenye mishipa ya limfu, halafu huingia kwenye damu karibu na shingo.

Kitu hiki nimekiona kwa macho mara nyingi. Kichupa cha damu kikitoka kwenye mashine ya kuzungusha, chembe nyekundu huwa zimekaa chini, na juu yake pana majimaji ya rangi ya manjano hafifu. Kwa aliyelala bila kula, majimaji hayo mara nyingi huwa maangavu, ukiweka maandishi nyuma yake unayasoma. Kwa aliyetoka kula mlo wa mafuta mengi, huwa na ukungu, na wakati mwingine ni meupe kama maziwa. Ukimpima mtu huyo huyo baada ya saa nyingi bila chakula, kwa kawaida yamerudi kuwa maangavu. Nani kayasafisha? Sehemu kubwa ya kazi hiyo wameifanya misuli na seli za mafuta. Ninaomba jambo hili uliseme kwa sauti mbele ya mama yako, kwa sababu watu wengi wanaamini kinyume chake: seli za mafuta zinaondoa mafuta kwenye damu.

Zinafanyaje? Kwenye kuta za mishipa midogo inayopita katikati ya shahamu kumebandikwa kimeng'enya kinachopasua trigliseridi iliyo ndani ya vifurushi. Asidi za mafuta zinazotoka humo huingia ndani ya seli, na huko hufungwa upya kuwa trigliseridi na kuongezwa kwenye lile tone. Mwenye kutoa amri ni insulini, homoni inayopanda tukila. Ukikaa na njaa, au ukikimbia, au ukishtuka, insulini hushuka, adrenalini hupanda, na seli hufungua ghala. Trigliseridi hupasuliwa, asidi za mafuta hutoka zikidandia protini ya damu iitwayo albumini, zikapelekwa kwenye misuli na moyo zikachomwe. Gliseroli huenda ini. Hili linaendelea mchana na usiku, kwa mnene na kwa mwembamba. Wanaodhani shahamu ni tope lililoganda kiunoni wanakosea sana; kinachotoka na kuingia humo hakikomi.

Hivyo jibu la swali lako la kwanza: trigliseridi ya kwenye damu na ya kwenye shahamu ni kitu kimoja, ila moja iko safarini na nyingine iko ghalani. Ghala kujaa si lazima barabara ijae. Dada yako ana ghala kubwa linalopokea vizuri, ndiyo maana barabara zake hazijajaa.

Ukitaka kuona ghala lina thamani gani, waangalie wasio nalo. Kuna ugonjwa wa nadra uitwao lipodistrofi, ambao mtu huzaliwa karibu bila shahamu yoyote, au huipoteza baadaye. Kwa macho ni mwembamba mwenye misuli iliyochoreka, na wapo watakaomwonea wivu. Lakini chakula anachokula hakina pa kuwekwa. Trigliseridi hupanda kwenye damu mpaka viwango vya kutisha, ini hujaa mafuta, kisukari humwingia mapema, na kongosho linaweza kuvimba ghafla na kumuua. Pia ana njaa isiyoisha, kwa sababu seli za mafuta ndizo zinazotoa leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo, ile iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York mwaka 1994. Baadhi ya wagonjwa hao hutibiwa kwa kudungwa leptini, na trigliseridi zao hushuka. Unaona? Wanaumia kwa kukosa kile ambacho dada yako anadunduliza pesa ili kitolewe.

Sasa nizungumze naye kidogo, umsomee. Mwanangu mkubwa, hayo ya mapajani na makalioni yako kwenye seli zake, na pale si mahali pabaya. Mafuta ya kuangaliwa kwa makini ni ya ndani ya tumbo, yanayozunguka matumbo, kwa sababu asidi zake humwagikia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Chukua utepe, pima kiuno, kisha linganisha na urefu wako: kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu, hiyo ni dalili njema. Lakini sitakuficha kitu. Seli zikiendelea kutanuka miaka na miaka hufika mahali zikachoka. Huanza kuwa wagumu wa kusikia insulini, huvujisha asidi za mafuta hata wakati usio wake, na mafuta hutafuta pa kukaa kwenye ini na kwenye misuli. Ini likielemewa hufunga vifurushi vyake lenyewe na kuvisukuma kwenye damu, trigliseridi hupanda na HDL, vile vifurushi vinavyosaidia kurudisha kolesteroli kwenye ini, hushuka. Kwa hiyo hofu yako ya kuvuja haikutoka hewani, ila majibu yako yanaonesha hujafika huko. Endelea kupima, pamoja na sukari na shinikizo la damu, maana lipidi nzuri hazifuti hivyo viwili, wala hazipunguzii magoti uzito.

Na kunyonywa mafuta hakuzuii hayo unayoyaogopa. Mwaka 2004 madaktari wa huko St. Louis, Marekani, wakiongozwa na Samuel Klein, walitoa majibu ya wanawake 15 wanene walionyonywa karibu kilo 10 za shahamu ya chini ya ngozi kila mmoja. Waliwapima tena baada ya wiki 10 hadi 12. Trigliseridi, kolesteroli, shinikizo la damu, usikivu wa insulini, vyote vilikuwa palepale. Walikuwa wameondoa mitungi mingi, lakini iliyobaki ilikuwa imejaa vilevile, na ini halikuguswa. Anayepungua kwa kula kidogo na kujishughulisha hupunguza kilichomo ndani ya mitungi yote, pamoja na kilicho kwenye ini, na ndipo damu hubadilika. Kama unataka kunyonywa kwa ajili ya umbo, huo ni uamuzi wako na mimi siuingilii. Kwa ajili ya damu, tunza pesa zako.

Hapa hapa nimalize jambo moja ambalo watu huniuliza sana: ukipungua, seli zinakufa? Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walilijibu mwaka 2008 kwa njia ambayo kila nikiifikiria nastaajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya katikati ya karne ya 20 yaliongeza hewani kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, mimea ikaivuta, watu wakaila, ikaingia kwenye vinasaba vya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Kwa kupima kaboni hiyo wakaweza kujua umri wa seli za mafuta. Walikuta kwamba idadi yake hujengwa utotoni na ujanani, kisha kwa mtu mzima hubaki karibu ileile. Kila mwaka kama asilimia 10 hufa, na nyingine huzaliwa kuziba nafasi. Hata waliopungua sana baada ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, idadi haikushuka. Seli zilinywea tu. Ndiyo maana uzito ukishuka hurudi kwa urahisi, na aliyerudisha kilo hastahili kutukanwa kwamba ni mlafi. Ghala lake bado lipo pale pale.

Narudi kwako, mdogo wake.

Kolesteroli yako haitoki mapajani wala tumboni. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ni mmoja wa watengenezaji wakuu. Ini huituma ndani ya vifurushi pamoja na trigliseridi. Trigliseridi ikishashushwa njiani, kinachobaki ni kifurushi kidogo kilichojaa kolesteroli, ndiyo hiyo LDL. Kazi ya kuirudisha nyumbani ni ya ini tena. Juu ya seli za ini kuna vipokezi, kama mikono inayodaka LDL inapopita na kuiingiza ndani. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas ndio walioonesha hayo, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Walifikia hapo kwa kuchunguza familia ambazo vijana walikuwa wanakufa kwa moyo. Waligundua kwamba watu hao walikuwa na mikono michache, au mikono isiyodaka. LDL inabaki inazunguka kwenye damu siku baada ya siku, tangu tumboni mwa mama, na taratibu inaingia kwenye kuta za mishipa ya moyo.

Hali hiyo ni ya kurithi, na huwakuta wembamba na wanene bila kubagua. Inakadiriwa kumpata karibu mtu 1 kati ya 250, na wengi hawajui. Mtu mzima mwenye LDL ya 190 au zaidi, madaktari huifikiria. Yako ni 224. Baba aliyefariki kwa moyo kabla ya miaka 55 huongeza uzito wa dhana. Vijivimbe vya manjano kwenye kope za baba mdogo navyo, japo wapo wanaoviota bila tatizo lolote la damu. Siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa barua, na sitaki ulale ukidhani nimekupa. Ila nakuomba umwone daktari wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, na umweleze habari za baba kabla hujamwonesha karatasi.

Mama anaweza kuwa sahihi kwamba vichupa vilichanganywa. Hutokea, sitawatetea wenzangu wa maabara kwa hilo. Kwa hiyo pima tena, na safari hii hakikisha jina lako linaandikwa kwenye kichupa mbele yako, kabla hujainuka kwenye kiti. Lakini usiikatae karatasi kwa sababu ya wembamba wako. Hiyo si hoja.

Daktari atataka kwanza kuondoa sababu nyingine zinazopandisha LDL: tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, figo zinazovujisha protini, ini lililoziba njia ya nyongo, ujauzito, na baadhi ya dawa. Mpe orodha ya kila unachomeza. Mwombe pia akushike mishipa minene ya nyuma ya visigino (kano, si mishipa ya damu), ile inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino. Wewe mwenyewe leo usiku ibinye kwa vidole viwili: ikiwa minene isivyo kawaida au ina vinundu, mwambie.

Akithibitisha, atakuandikia dawa, mara nyingi za kundi la statini. Hizi hupunguza ini kutengeneza kolesteroli, nalo likiona limepungukiwa huchomoza vipokezi zaidi na kudaka LDL iliyo kwenye damu. Kama unafikiria kubeba mimba, sema mapema, kwa sababu kwa kawaida husimamishwa. Usizikimbie kwa hofu ya kuambiwa ni za maisha. Baba yako hakupata nafasi ya kuambiwa hivyo.

Na chakula? Mafuta yanayoganda, yale ya wanyama hasa, hupunguza vipokezi, kwa hiyo yapunguze, weka ya maji ya mimea badala yake, na ongeza nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde. Hilo litasaidia kiasi. Lakini kama ni ya kurithi, chakula peke yake hakitakutoa 224 hadi mahali salama. Njaa ndiyo kabisa: kujinyima kunafungua mitungi ya shahamu na kuimwaga trigliseridi uliyo nayo kidogo, wakati tatizo lako liko kwenye mikono ya ini. Unamwaga akiba isiyo na kosa.

Watoto. Kama hali hii unayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kama wewe na dada yako mlivyogawana: mmoja kapata, mwingine kakosa. Wapimwe wote wawili. Huyo wa miaka 9 asipitishe miaka 10. Mtoto aliyegundulika mapema huanza kulindwa mapema, na wengi wao huishi umri mrefu bila moyo kuwasumbua. Baba mdogo naye apimwe, na watoto wake.

Limebaki la dada, ambalo hukuniuliza lakini lipo kwenye kila mstari wa barua yako. Ulimpeleka akaogope, na yeye alipoona karatasi yako ndiyo mbaya hakukucheka. Siku ya kwenda kupima tena mwombe akusindikize. Mkiwa kwenye benchi mnasubiri kuitwa, mwambie kuhusu vijiko, kwa maneno yako mwenyewe, kabla jina lako halijatajwa. Majibu yakitoka, niandikie namba zote nne.